Maziwa ghushi: Ushahidi unaochacha kabla ya kufika mahakamani Kakamega

KILA mara maafisa wa serikali wanapofanya msako dhidi ya wauzaji wa maziwa yaliyochakachuliwa, mambo hufuata mkondo uleule. Mitungi hunaswa, maziwa humwagwa mtaroni, picha hupigwa na wachuuzi kadhaa hupelekwa kituo cha polisi. Baada ya siku chache, biashara hurejea palepale ilipokuwa.

Raia huachwa na swali lisilojibiwa. Ikiwa maziwa hayo yalikuwa hatari kwa afya, mbona ni nadra kusikia kwamba aliyeyauza alishtakiwa, akapatikana na hatia na kuadhibiwa? Na ikiwa yalikuwa safi, mbona yalimwagwa?

Katika Kaunti ya Kakamega swali hili si dogo. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti hiyo watu 1,867,579, ikawa ya nne nchini kwa wingi wa watu baada ya Nairobi, Kiambu na Nakuru. Chai ya maziwa huandaliwa karibu katika kila boma linalomudu gharama yake, na watoto walioachishwa ziwa hutegemea maziwa ya ng'ombe kupata protini.

Maziwa hayo hutoka pande nyingi. Kuna wafugaji wa Lugari na Likuyani, na kuna familia zenye ng'ombe mmoja au wawili huko Malava, Shinyalu na Butere. Mengine huvuka mpaka kutoka kaunti jirani za Nandi, Uasin Gishu na Trans Nzoia, yakibebwa kwa bodaboda, matatu na magari madogo. Kati ya kiwele cha ng'ombe na sufuria ya mnunuzi, maziwa yanaweza kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, na kila mmoja ana nafasi ya kuyaongeza kitu.

Sheria inasema nini?

Kenya haikosi sheria kuhusu jambo hili. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inaharamisha kuuza chakula chenye sumu, kilichochafuka au kilichochakachuliwa. Aidha, inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu aina na ubora wa kile anachouziwa. Kwa hivyo, anayeuza maziwa yenye maji akidai ni maziwa matupu amevunja sheria hata kama maji yenyewe ni safi na hakuna aliyeugua.

Sheria ya Sekta ya Maziwa, Sura ya 336, ndiyo iliyoiunda Bodi ya Maziwa Nchini (KDB) mwaka 1958. Bodi hiyo hutoa leseni kwa wanaonunua, kusafirisha, kusindika na kuuza maziwa, na ina wakaguzi wake. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), ambalo liliundwa chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 496, huweka viwango na kutoa alama ya ubora kwa maziwa ya pakiti, maziwa lala, yogati, siagi na samli.

Katiba ya mwaka 2010 iliongeza mlango mwingine. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kulindwa afya yake. Jedwali la Nne nalo likazikabidhi kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara za kuuzia umma chakula. Hivyo, maafisa wa afya ya umma walio sokoni Kakamega ni wa serikali ya kaunti, ilhali wakaguzi wa bodi na wa viwango ni wa serikali ya kitaifa.

Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini pia ni chanzo cha mianya. Mtungi mmoja wa maziwa unaweza kuwa chini ya mamlaka ya asasi tatu kwa wakati mmoja, na ikiwa kila moja inasubiri nyingine ichukue hatua, mwenye mtungi hujiendea zake.

Hesabu ya mchuuzi

Ili kuelewa kwa nini uovu huu haukomi, ni vyema kuanza na hesabu ya mchuuzi mwenyewe. Tuchukue mfano wa mtu anayenunua lita 50 kwa Sh50 kila lita na kuziuza kwa Sh60. Atatumia Sh2,500 na kupata Sh3,000, faida yake ikiwa Sh500 kabla ya kulipia mafuta ya pikipiki.

Akiongeza lita tano tu za maji, atauza lita 55 na kupata Sh3,300. Faida yake itapanda kutoka Sh500 hadi Sh800. Maji kidogo ambayo mnunuzi hawezi kuyatambua kwa macho humwongezea mchuuzi zaidi ya nusu ya faida yake ya siku.

Sababu ya pili ni joto. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, lakini magari na vituo vingi vya kukusanyia hupokea maziwa ya asubuhi. Maziwa ya jioni hulala nyumbani, mara nyingi pasipo jokofu, na yasipopoozwa bakteria huongezeka humo kwa kasi. Anayehofia hasara ya asubuhi hushawishika kutia kemikali ya kuua bakteria, hasa haidrojeni peroksidi, au hata fomalini inayotumiwa kuhifadhi maiti.

Sababu ya tatu ni bei isiyotofautisha. Pale ambapo mnunuzi hulipa kwa lita bila kupima mafuta wala usafi, mfugaji anayelisha ng'ombe wake vyema na kuosha vyombo hulipwa sawa na jirani aliyetia maji.

Madhara yake

Maji ndiyo huonekana kuwa kosa dogo kuliko yote, lakini si dogo. Kwanza, hupunguza chakula. Mtoto anayepewa nusu lita ya maziwa ambayo sehemu ya tano ni maji anapata mililita 400 tu za maziwa, na mama yake hajui. Pili, maji yenyewe yanaweza kuwa ya mto au kisima kisicholindwa, na hapo ndipo vijidudu vya homa ya matumbo na kuhara huingilia.

Wakenya wengi huchemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na desturi hiyo imeokoa maisha ya wengi. Kuchemsha huua vijidudu, vikiwemo vile vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, ugonjwa unaoleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Viwandani kazi hiyo hufanywa kwa kuyapasha maziwa moto hadi nyuzijoto 63 Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzijoto 72 kwa sekunde 15.

Hata hivyo, kuchemsha si tiba ya kila kitu. Moto wa jikoni hautegemewi kuondoa mabaki ya viuavijasumu vilivyotumiwa kumtibu ng'ombe, wala sumu ya ukungu inayotokana na chakula cha mifugo kilichooza. Kuhusu fomalini, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiorodhesha fomaldehaidi, kemikali iliyomo ndani yake, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004.

Inafaa kutenganisha makosa hayo. Aliyetia maji amedanganya kwa makusudi. Mfugaji aliyeuza maziwa kabla siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa hazijakwisha huenda alifanya hivyo kwa pupa au kwa kutojua. Yule ambaye ng'ombe wake walikula chakula chenye ukungu huenda hana habari kabisa. Wote wanamdhuru mnywaji, lakini hawastahili kushughulikiwa kwa njia moja, na msako unaowachanganya hautendi haki.

Kipimo kinavyodanganywa

Chombo kinachojulikana zaidi vituoni ni laktomita, bomba dogo la kioo linaloelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake. Maziwa safi ya ng'ombe ni mazito kidogo kuliko maji, na kwa kawaida laktomita husoma kati ya 26 na 32. Maji yakiongezwa, chombo huzama zaidi na namba hushuka.

Lakini turudi kwa mchuuzi wa lita 50. Ikiwa maziwa aliyonunua yalisoma 30, baada ya kutia lita tano za maji yatasoma takriban 27. Bado yamo ndani ya kiwango kinachokubalika, na afisa aliye na laktomita pekee atamruhusu apite.

Zipo hila nyingine. Mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji, kwa hivyo anayeondoa malai huyafanya maziwa yasome namba ya juu. Akishatia maji kiasi, namba hurudi ilipokuwa mwanzo, naye amefaidi mara mbili, kwa malai na kwa maji. Wengine hutia unga, sukari au chumvi ili kurejesha uzito uliopotea.

Dunia ilipata funzo chungu kuhusu hila za aina hii mwaka 2008 nchini China. Huko maziwa yalitiwa maji, kisha kemikali ya viwandani iitwayo melamini ikaongezwa ili kuficha upungufu wa protini. Maabara zilikuwa zikikadiria protini kwa kupima naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni. Watoto wachanga sita walifariki na wengine wapatao 300,000 wakaugua, wengi wao wakipata mawe katika figo. Watu wawili waliuawa kwa amri ya mahakama mwaka 2009 kwa sababu ya kashfa hiyo.

Funzo ni kwamba kila kipimo kinapojulikana na kutegemewa peke yake, atapatikana mtu wa kukizunguka. Mkasa huo mkubwa ulianzia kwenye kosa lilelile linalochukuliwa kuwa dogo katika vituo vya kukusanyia maziwa kwingi duniani, yaani kutia maji.

Ndiyo maana wataalamu hutumia vipimo kadhaa kwa pamoja. Matone ya iodini hugeuka buluu yanapokutana na unga. Kipimo cha pombe huonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha. Kipimo cha mafuta humfichua aliyeondoa malai. Kigumu zaidi kudanganywa ni kile cha kugandisha: maji matupu huganda kwenye nyuzijoto sufuri, ilhali maziwa ya ng'ombe huganda karibu na nyuzijoto 0.54 chini ya sufuri. Lita tano za maji katika zile lita 50 zingekisogeza kiwango hicho hadi karibu 0.49 chini ya sufuri. Yule aliyepita mtihani wa laktomita angenaswa hapa.

Mbio dhidi ya saa

Hapa ndipo tatizo kubwa la utekelezaji wa sheria linapojitokeza. Tofauti na sukari ya magendo au dawa bandia, maziwa hayawezi kuwekwa ghalani yakisubiri kesi. Ni ushahidi unaobadilika kila saa inayopita.

Haidrojeni peroksidi, kwa mfano, huvunjika ndani ya maziwa na kuwa maji na oksijeni. Sampuli iliyokuwa na kemikali hiyo asubuhi inaweza kuonekana safi baadaye. Kipimo chake, ambacho huweza kufanywa kwa karatasi maalumu, sharti kifanywe papo hapo barabarani.

Kipimo cha kugandisha nacho hutaka maziwa ambayo hayajachacha. Maziwa yanapochacha, sukari yake ya asili hugeuka kuwa asidi na kukishusha kiwango cha kuganda. Matokeo yake ni kwamba sampuli iliyotiwa maji, ikicheleweshwa juani, inaweza kuonekana kama haikutiwa maji. Uzembe wa afisa humsafisha mkosaji.

Kakamega haiko mbali sana na wataalamu. Idara ya Mkemia wa Serikali ina maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu, na kutoka mji wa Kakamega hadi Kisumu ni mwendo wa takriban kilomita 50. Safari hiyo ni fupi kwa gari lenye kisanduku cha barafu. Ni ndefu mno kwa chupa inayokaa mezani kituoni hadi gari lipatikane.

Hata sampuli ikifika salama, lazima pawe na karatasi inayoonyesha ilichukuliwa wapi, saa ngapi, na nani, mbele ya nani, ilitiwa lakiri namna gani na ilipokewa na nani. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuupinga ushahidi dhidi yake. Wakili hodari hatahitaji kuthibitisha kwamba maziwa yalikuwa safi. Atauliza tu chupa ilikuwa wapi kwa saa 20.

Na pale ambapo maziwa yote yalimwagwa kabla ya sampuli kuchukuliwa, hakuna kesi hata kidogo. Kumwaga ni sawa ikiwa ni kuzuia yasirudi sokoni, mradi sampuli zimechukuliwa kwanza. Kinyume cha hapo, afisa amejiharibia ushahidi mwenyewe, na mchuuzi aliyekuwa na maziwa mazuri amepoteza mtaji bila kupewa nafasi ya kujitetea.

Taifa lilishuhudia mkanganyiko wa aina hii mwaka 2018, wakati wa msako dhidi ya sukari ya magendo. Maafisa wakuu wa serikali walitoa kauli zilizokinzana kuhusu iwapo sukari iliyonaswa ilikuwa na zebaki. Raia hawakujua wamwamini nani.

Kufukuza au kusajili?

Mjadala kuhusu wachuuzi wa maziwa mabichi ni wa muda mrefu. Kwa miongo mingi kampuni ya KCC, iliyoanzishwa mwaka 1925, ndiyo iliyotawala soko la mijini. Soko lilipofunguliwa mwaka 1992, na KCC ilipoyumba baadaye, wachuuzi walijaza pengo. Serikali iliwachukulia kama wahalifu, nao wakafanya kazi kwa kujificha.

Mtazamo huo ulianza kubadilika kufuatia utafiti wa mradi wa wafugaji wadogo wa maziwa uliofanywa kati ya mwaka 1997 na 2005. Kuanzia mwaka 2004 Bodi ya Maziwa ilianza kuwapa leseni wachuuzi wadogo waliopata mafunzo ya usafi. Mantiki yake ilikuwa rahisi: mtu aliyesajiliwa anajulikana alipo, anaweza kukaguliwa, na ana leseni ya kupoteza.

Mvutano uliibuka tena mapema mwaka 2020, wakati rasimu ya kanuni mpya ilipozua ghadhabu. Wafugaji walihofia kwamba hata kumuuzia jirani kikombe cha maziwa kungekuwa kosa. Rasimu hiyo iliondolewa, na kanuni mpya zikachapishwa mwaka 2021.

Kisa hicho kinaonyesha pande mbili za mizani. Ukilegeza mno, mnywaji anauziwa maji na kemikali. Ukikaza kamba kwa mjane mwenye ng'ombe mmoja Khwisero bila kumpa kituo cha kupooza maziwa, unamsukuma auze gizani, ambako hakuna afisa atakayepima chochote.

Hapa serikali ya kaunti ina nafasi ambayo polisi hawana. Kakamega imewekeza katika ufugaji kwa kugawa ng'ombe wa maziwa na kuunda shirika lake la kuendeleza sekta hiyo. Uwekezaji huo hautaleta tija ikiwa maziwa safi yatalipwa sawa na yale yenye maji. Vituo vya kupooza, mikebe ya alumini badala ya mitungi ya plastiki isiyosafishika vizuri, na malipo yanayozingatia mafuta na usafi vitapunguza kishawishi kabla msako haujafika.

Mnunuzi afanye nini?

Mnunuzi wa kawaida hana maabara, lakini si mnyonge kabisa. Anaweza kumtaka mchuuzi amwonyeshe leseni ya Bodi ya Maziwa na cheti cha afya. Mashine za kuuzia maziwa mitaani nazo sharti ziwe na leseni, na mwenye duka aweze kueleza maziwa yalitoka wapi na yalichemshwa lini. Kwenye pakiti, atazame alama ya ubora, jina na anwani ya msindikaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Maziwa mabichi yanayokaa mchana kutwa bila jokofu na bila kuchacha yapaswa kutiliwa shaka, kwani maziwa ya asili hayana uwezo huo. Vilevile, maziwa yanayouzwa kwa bei ya chini mno kuliko ya wenzake sokoni yana sababu. Mwenye shaka na apige ripoti kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake akiwa na maziwa yenyewe, yakiwa baridi, siku hiyohiyo.

Kwa upande wa serikali, kipimo cha mafanikio hakiwezi kuwa lita zilizomwagwa. Wakazi wa Kakamega wanastahili kuelezwa, baada ya kila msako, ni sampuli ngapi zilichukuliwa, ngapi zilifika maabarani zikiwa baridi, ngapi zilipatikana na kasoro na ya aina gani, na kesi ngapi zilikamilika. Walioonekana hawana hatia waambiwe hivyo hadharani na kurejeshewa vyombo vyao.

Taarifa ya namna hiyo haigharimu zaidi ya karatasi na uaminifu. Ingemwezesha mama anayemnunulia mtoto nusu lita kila asubuhi kujua mchuuzi yupi amekaguliwa, na ingemfanya mchuuzi mwenye nia ya kuongeza lita tano za maji afikirie mara mbili.